Saa Sita Haimo

Idi Mtinangi alifika dirishani kwangu Jumatatu asubuhi akiwa amevaa koti lake la harusi, na mtu wa Singida akivaa koti la harusi siku ya kazi, fahamu amekuja kupigania jina lake. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mama, kisha akapitisha karatasi chini ya kioo.

"Dada Roida, nimeandikiwa kwamba mimi ni mwizi."

Karatasi ilikuwa ya ofisi yetu, Ofisi ya Jua, na sahihi iliyokuwa chini ilikuwa yangu. Ilisema kwamba kwa majuma matatu ya mwezi wa saba paneli za Idi Mtinangi, mtotoleshaji wa vifaranga, zilimimina kwenye Chungu cha umeme wa mji pungufu ya kile zilichopaswa kumimina, upungufu wa asilimia kumi na nne. Na kwa kuwa Shangazi, mashine yetu ya hesabu, hakuona kivuli chochote juu ya paneli hizo, basi upungufu huo ni kosa la kuficha jua. Laini yake ingekatwa Ijumaa saa nne asubuhi.

"Sikuandika mwizi," nilimwambia. "Nimeandika kuficha jua."

"Mtaani kwetu hakuna anayejua tofauti."

Hapo ndipo watu huanza kunieleza mambo ya vumbi, ya kunguru, ya watoto wanaorusha mawe. Mimi huwaacha wamalize, kisha nasema hapana. Idi hakueleza lolote kati ya hayo. Alisema kuna kivuli.

"Cha nini?"

"Cha kihenge cha kiwanda cha alizeti, kile kipya. Kinaniingilia juu ya paa."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Kinaingia saa sita kasorobo hivi, kinatoka saa saba kasorobo. Kila siku ya Mungu tangu mwezi wa tano."

Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, kicheko kilinitoka tu, na Fidelis wa dirisha la pili akacheka pamoja nami bila hata kuinua kichwa. Saa sita mchana jua liko utosini. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba saa hiyo kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake. Kihenge kiwe kirefu namna gani, kivuli chake kitakwenda wapi?

"Kaka Idi, saa sita hakuna kivuli."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," alisema kwa upole. "Mpaka kikanikalia."

Ili aridhike, nilimgeuzia kioo cha mashine nikamwita Shangazi mbele yake.

Shangazi anakaa chumba cha nyuma, anapulizwa baridi usiku na mchana. Tulimpa jina hilo kwa sababu katika ukoo, shangazi akishasema nani apewe nini, mjadala umefungwa. Mji mzima unamimina umeme wa mapaa yake kwenye Chungu kimoja, na kila nyumba inachota kwa fungu lake. Ili kujua nani amimine kiasi gani, Shangazi anashika mji wote kichwani: kila ukuta, kila mti, kila mnara na kila jiwe. Kisha analitembeza jua juu ya mji huo wa kichwani, saa kwa saa, na kuhesabu vivuli. Asichokiona yeye hakipo. Picha hatupokei, maana siku hizi picha kila mtu anaipika jikoni kwake.

Alichora paa la Idi, akachora kihenge, akatembeza jua. Chini akaandika: KIVULI, SIFURI.

Idi aliitazama ile sifuri muda mrefu. "Basi njoo uone mwenyewe," alisema.

"Hairuhusiwi. Mkokotozi haendi uwandani."

Kanuni hiyo ina historia ya aibu. Zamani wakokotozi walikwenda, na kwa kuwa huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, kila aliyekwenda alirudi na kuku. Mwaka mmoja ofisi nzima ilikuwa na banda uani, na mtaa uliokuwa na majogoo wakubwa uliandikiwa kivuli kutwa nzima. Ndipo wakubwa wakaamua macho yetu yasiaminiwe tena, iaminiwe mashine.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Safisha paneli," nilimwambia, na nikaita mtu wa nyuma yake.

*

Mchana huo nilitoka kununua karanga. Mama Njiku anauza karanga nje ya ofisi yetu tangu kabla sijaajiriwa, na siku zote nimenunua kwake bila kumtazama, kwa sababu mkono mmoja unashika simu na mwingine unapokea karanga. Siku hiyo simu ilikuwa haina chaji. Nikamtazama.

Alikuwa amekaa upande wa kusini wa ukuta wetu, juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, na miguu yote ilikuwa kivulini.

Nilichungulia saa ya ukutani kupitia dirishani. Saa sita na dakika nane.

"Mama, kwa nini umekaa upande huu?"

"Kuna kivuli."

"Lakini ni saa sita."

Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa mwenye nguo safi. "Mwezi wa saba jua linakaa kule," alisema, akaelekeza kidevu kaskazini. "Mwezi wa kumi na mbili nitahamia upande wa pili. Miaka yote hunioni nikihama?" Akanijazia karanga kwenye karatasi. "Si wewe ndiye bibi wa vivuli?"

Nilisimama pale na karanga zangu, nikapima kile kivuli kwa hatua. Kilikuwa karibu nusu ya urefu wa ukuta. Na si kwamba nilikuwa sijui. Nilifundishwa, nilifanya mtihani, nikapasi: katikati ya mwaka jua linasogea kaskazini, na sisi tuko kusini ya mstari wa ikweta. Lakini maarifa hayo yalikaa chumba kimoja cha kichwa changu, na saa sita ya utosini niliyofundishwa na bibi yangu ikakaa chumba kingine, na kwa miaka kumi na moja ya kazi vyumba hivyo havikuwahi kufunguliana mlango. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Lakini hata hivyo sikuelewa. Mimi ni binadamu, nimesahau. Shangazi je? Yeye hana bibi aliyemfundisha. Yeye hutembeza jua kwa hesabu. Kwa nini hakukiona?

Nilirudi ndani, nikafungua paa la Idi tena, na safari hii sikuomba jumla, niliomba saa moja moja. Saa tatu, sifuri. Saa nne, sifuri. Saa tano, sifuri. Saa saba, sifuri.

Nilidhani nimeruka mstari. Nikarudia kwa kidole. Saa tano, saa saba.

Saa sita haimo.

*

Sasa lazima niseme kazi yangu ni nini hasa, maana mama anawaambia majirani kwamba napima vivuli, na si kweli. Kazi yangu ni kubana.

Waliomtunga Shangazi walimwekea mpaka wa kumbukumbu na kumpiga lakiri. Hata ukimnunulia mashine kubwa zaidi, haoni nyongeza hiyo. Ni sawa na mtu anayepima kwa kibaba, mpelekee gunia zima, yeye atapima kibaba. Na lakiri ikivunjwa, vyeti vya hesabu zake katika mikoa mitano vinakuwa karatasi za kufungia maandazi. Kwa hiyo kila mwaka mji unakua, na kibaba ni kile kile. Shangazi akijaa huandika maneno mawili tu, SINA NAFASI, na kuzima. Hapo naitwa mimi.

Nilianza na mawe. Mawe ya Singida mnayajua, yamelundikana kama viazi vya mtu tajiri, na jiwe moja la mviringo kichwani mwa Shangazi lina nyuso elfu tatu. Nikayafanya masanduku, kila moja nyuso sita. Miti nikaifanya fito zenye miavuli. Paneli zilizofungwa kwenye mnyororo mmoja nikazihesabu kama paneli moja, na hilo halikuwa kosa, kwa sababu kivuli cha kiganja kwenye moja hushusha mnyororo mzima, kama ng'ombe mmoja mvivu anavyochelewesha jembe la wote. Nilisifiwa. Nilipewa cheti na sahani ya ukutani.

Miaka minne iliyopita hospitali ilijenga wodi mpya ya watoto njiti, yenye paa kubwa la paneli, na Shangazi akakataa kuipokea. SINA NAFASI. Nilibana wiki nzima. Mwishoni nikabakiza kitu kimoja cha kupunguza, saa zenyewe. Siku ina saa kumi na mbili za jua. Nikitoa moja, wodi inaingia. Na ni saa gani isiyo na kivuli, isiyomdhuru mtu, ambayo hata isipohesabiwa hakuna atakayelia?

Nikaifuta saa sita. Palipobaki pengo, Shangazi anachukua saa tano na saa saba, anajumlisha, anagawa kwa mbili. Kwa Idi, jua kamili na jua kamili ukigawa kwa mbili unapata jua kamili. Hati ya kufuta iko kwenye jalada, ina sahihi moja tu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliiandika. Nakumbuka nilikwenda nyumbani nikiimba.

*

Jumanne nilikwenda uwandani kinyume cha kanuni. Nilivaa kofia, kana kwamba mjini kwetu kofia inamficha mtu.

Idi alinipokea bila kushangaa, sasa hana koti, ana fulana yenye manyoya ya vifaranga mabegani. Alinipandisha ngazi hadi ukingo wa paa. Kaskazini yake kihenge cha alizeti kilisimama kama ndoo iliyofunikwa, urefu wa mita thelathini. Tulingoja. Saa sita kasorobo ukingo wa kivuli uligusa paneli ya kwanza, ukapanda taratibu, na kipimo kilichokuwa ukutani kikaanguka papo hapo, kama Shangazi mwenyewe anavyojua kwamba mnyororo huanguka. Nilikaa kivulini humo dakika sitini. Kilikuwa na ubaridi.

"Unakiona?" aliuliza Idi.

"Nakiona."

"Basi si wazimu wangu."

Alinishusha akanionyesha chumba cha mashine za kutotolea. Mayai elfu nne, yamepangwa kwenye trei, kila trei ina jina la mwanamke kwa chaki: Mama Sifa, Mama Hezekia, Bi Zena. Si mayai yake. Ni ya akina mama wa mitaa mitatu, kila mmoja anamletea ya kwake, na siku ya ishirini na moja anakuja na kikapu kuchukua vifaranga. Leo ilikuwa siku ya kumi na nne.

"Ijumaa mkinikatia," alisema, "betri zitafika saa nane mchana, hazitafika magharibi. Na hiki kipupwe, mayai hayavumilii. Vifaranga vya watu nitavitoa wapi tena? Lakini si hilo linaloniuma."

"Linalokuuma nini?"

Alipangusa chaki kwenye kidole. "Tangu karatasi yako ifike, wanne wamekuja kuyachukua mayai yao. Siku ya kumi na mbili, dada. Yai la siku ya kumi na mbili unalipeleka wapi? Wanaona heri life mikononi mwao kuliko likae kwa mwizi."

Wakati wa kuondoka alinishikisha jogoo, miguu imefungwa kwa ukambaa. Nikakataa. Nikaeleza kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamchukua jogoo wake.

"Sawa," alisema. "Kumbe hata kuku wa mwizi hapokelewi."

Nilirudi kwa miguu njia nzima nikitafuta namna ambayo ningemjibu. Kama ningepokea, ningekuwa nimenunuliwa. Sikupokea, nimemtukana. Sijui hadi leo mtu mwenye akili angefanya nini.

*

Jumatano nilimwondolea Shangazi saa zote nikamwachia saa sita peke yake, nione tu. Alinipa nyumba mia mbili na kumi na nne zenye kivuli cha saa sita kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane. Nikazilinganisha na majalada yetu. Katika nyumba hizo, sitini na moja zilikwisha kukatwa kwa kuficha jua ndani ya miaka minne. Barua zote sitini na moja nilizisaini mimi. Niliyasoma majina mpaka macho yakakataa, kisha nikaenda kwa Bwana Mpondo, mkuu wetu, nikaweka orodha mezani kwake.

Bwana Mpondo si mtu mbaya. Alifunga mlango, akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Irudishe saa sita," alisema.

"Nimejaribu. Hana nafasi."

"Toa saa nyingine."

Nilikuwa nimejaribu hilo pia, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Nikitoa saa moja asubuhi, wanaumia watu wa chini ya mawe ya mashariki, nyumba mia na tisini. Nikitoa saa kumi na moja jioni, wanaumia wa ng'ambo ya ziwa, mia mbili na thelathini, na mmojawapo ni mama yangu. Nikitoa saa nne, wanaumia wa soko jipya. Kila saa ina watu wake. Nikitaka kumwona Idi lazima nimfumbie macho mtu mwingine ambaye hajanikosea, ambaye leo amelala akijua Shangazi yuko macho. Nikiitoa wodi, saa zote zinaenea, lakini wodi inakosa fungu, na humo ndani mna watoto wenye uzito wa kuku.

"Basi waache wa saa sita," alisema Mpondo taratibu. "Wao wamekwisha kuzoea."

"Hawajazoea, bosi. Wameaibika tu."

Mimi nikaendelea kuongea ovyo, kama ninavyofanya nikichanganyikiwa, nikasema ni kama chakula kisichotosha watoto kumi na wawili, kila siku mmoja lazima alale njaa, na sisi tumechagua yule yule kila siku. Nikasimama katikati ya sentensi.

"Vipi?" aliuliza.

"Si lazima awe yule yule."

Tulikokotoa mpaka chai ikapoa. Badala ya kufuta saa moja mwaka mzima, Shangazi afute saa tofauti kila siku: leo saa sita, kesho saa saba, keshokutwa saa nane, anazunguka. Kumbukumbu inabaki ile ile. Hakuna atakayeonekana kikamilifu, lakini hakuna atakayesahaulika kabisa. Kosa ambalo lilimwangukia Idi peke yake, asilimia kumi na nne, lingegawanyika kwa kumi na mbili. Na sheria inamwita mtu mfichaji pale anapopungua zaidi ya asilimia kumi. Hakuna ambaye angefika hapo tena.

Mpondo alifurahi kama aliyepata mjukuu. Mimi nilitaka kufurahi nikashindwa. Kabla ya hapo Shangazi alikuwa anasema uongo mmoja mkubwa bila mimi kujua. Sasa atasema uongo mdogo kwa kila nyumba ya Singida, kila siku, na mimi ndiye niliyempangia zamu. Je, hiyo ni haki, au ni uongo uliopakuliwa sawasawa? Nilimuuliza Mpondo. Akasema nimechoka, nikalale.

"Kwenye sababu ya mabadiliko," aliongeza nilipofika mlangoni, "andika maboresho."

"Na hawa sitini na mmoja?"

Aliigeuza orodha, majina yakatazama meza. "Roida. Ukiandika kwamba saa sita haikuwamo, hao wote wana kesi. Sahihi ni yako, si ya ofisi. Utafukuzwa, na cheti chako kitafutwa. Na Shangazi hataaminiwa tena na mtu yeyote. Mtu akikatwa kwa haki atasema ni saa yake iliyofutwa. Chungu kitavunjika. Wodi inakula kwenye Chungu hicho hicho."

Niliandika maboresho.

*

Shangazi alikokotoa upya Alhamisi. Hakukataa. Ijumaa saa mbili na nusu nilipofungua dirisha, jina la Idi Mtinangi lilikuwa limetoka kwenye orodha ya kukatwa, na nyuma ya kioo palikuwa na foleni ya kawaida, watu kumi na wawili hivi, na wa kwanza alikuwa yeye. Alivaa koti.

"Laini yako haikatwi," nilimwambia kabla hajasalimia. Nilikuwa na hamu ya kulisema. "Umeshahesabiwa. Mayai yako salama."

"Nimeletewa ujumbe. Ahsante sana, dada." Hakuondoka. "Ujumbe unasema nimesamehewa kutokana na maboresho."

"Ndiyo."

"Nimesamehewa nini?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

"Nimewaonyesha akina mama," aliendelea, sauti ile ile ya upole. "Mama Hezekia amesoma, akasema, hongera Idi, serikali imekuhurumia. Aliondoka na trei yake. Mwizi aliyehurumiwa ni mwizi bado." Aliweka viganja viwili juu ya ubao wa dirisha. "Sikuja kuomba umeme. Umeme nimepata. Nataka uniandikie kwamba sikuficha jua. Ulikaa kivulini mwangu saa nzima, dada Roida. Niandikie hivyo tu."

"Mashine haitoi barua ya namna hiyo."

"Sijaiomba mashine."

Fidelis wa dirisha la pili aliacha kuandika. Nilihisi Bwana Mpondo amesimama mlangoni mwa ofisi yake, ingawa sikugeuka. Nilifikiria wodi. Nilifikiria Chungu, na mama yangu ng'ambo ya ziwa, na kwamba Mpondo hakusema uongo hata neno moja, yote aliyoyasema yangeweza kutokea na bado yanaweza. Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilipata mwanga. Sikupata. Kichwa kilikuwa na ukungu ule ule wa Jumatano. Nilichokuwa nacho ni mtu mmoja mbele yangu, aliyevaa koti, na jambo moja nililolijua kwa hakika juu yake.

Nilichukua karatasi tupu, nikaandika kwa mkono, kwa sababu nilijua mfumo ungeikataa.

*Mimi, Roida Nkuwi, mkokotozi, miaka minne iliyopita niliifuta saa sita mchana katika hesabu ya mji huu ili nipate nafasi. Kivuli cha saa hiyo hakikuhesabiwa kwa nyumba yoyote. Idi Mtinangi hakuficha jua. Nimekiona kivuli chake kwa macho yangu.*

Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, nikaipitisha chini ya kioo. Nyuma yangu nilisikia mlango wa Mpondo ukifungwa polepole.

Idi hakuikunja. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma wasia mbele ya ukoo, na alipofika kwenye sahihi foleni yote ilikuwa imemsogelea. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, akanishukuru, akaenda zake. Hakuniuliza itakuwaje kwangu.

Aliyefuata alikuwa mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijivu, ambaye sikumjua. Alikuwa ameshika fomu ya kubadilisha anwani. Aliitazama fomu, kisha akaiweka chini.

"Mimi nilikatwa mwaka juzi," alisema, "mwezi wa saba. Mume wangu alisema nimemwaibisha, akaondoka. Nilikuwa na cherehani nne kando ya ghala la pamba." Alisogea karibu na kioo. "Kivuli kilikuwa kinaingia saa sita. Nilisema hapa hapa, dirisha hili hili. Ulicheka."

Nilitafuta sura yake kichwani mwangu. Haikuwamo.

Nikavuta karatasi nyingine.

"Jina lako, mama?" nilimuuliza.